Hesabu ya Tumbo la Ithungu

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya parokia hapa Bwera, mpakani na Kongo, nilimpa mtu babu asiyekuwa wake. Alikuja dereva wa lori aitwaye Bwambale, akitaka cheti cha ubatizo cha marehemu baba yake, naye Bwambale, mwana wa Bwambale. Nikafungua kitabu, nikamwona Bwambale mwana wa Bwambale, nikaandika, nikagonga muhuri kwa nguvu za mtu mpya. Mzee Thembo, karani niliyekuwa narithi kiti chake, alikichukua kile cheti, akakisoma, akafunua kurasa mbili mbele na kunionyesha akina Bwambale wana wa Bwambale wengine watano, wote wa mwaka uleule.

"Huyu umempa babu wa Kisinga," akasema. "Hao ni watu wa Muhokya. Mukimbilie kabla hajawasha lori."

Nikamkimbilia na sketi yangu ya kazini, watu wa sokoni wakinishangilia.

Nimestaafu mwaka huu baada ya kukaa na vitabu hivyo karibu miaka kumi, na vijana wawili waliochukua nafasi yangu wameniomba niwaandikie niliyojifunza. Kuhusu mshahara sina la kuwaambia, mtauona wenyewe na mtanyamaza kama nilivyonyamaza. Nitawaambia habari za vitabu, za watu, na za kosa langu kubwa, ambalo lilinigharimu mbuzi.

Mmoja wenu hakuzaliwa huku, kwa hiyo naanza na majina. Mtu wa kwetu, Mukonzo, anazaliwa na jina likimngoja. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa. Wasichana nao wana foleni yao: Masika, Biira, Kabugho, Mbambu, Ithungu. Mimi ni Biira, basi mnajua tayari kwamba nina dada mkubwa, na kwamba alinionea. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, kwa ndugu zetu wa Kongo, majina yanavaa koti jingine, Paluku kwa Baluku, Kambale kwa Bwambale, Kasereka kwa Masereka, Katungu kwa Ithungu, lakini foleni ni ileile. Kwa hiyo mtu akija kutafuta "Bwambale wa zamani" msicheke mbele yake. Mngojeni atoke.

Mzee Thembo alinifundisha kwa miezi mitatu. Alikuwa mwembamba, mkali, na amefunga penseli kwa uzi shingoni wakati wengine wanavaa rozari. Alitia majani makavu ya tumbaku nyuma ya vitabu ili kombamwiko wasile Wakristo, ndivyo alivyosema. Meza yake ilikuwa dirishani kwa sababu umeme wa Bwera una safari nyingi. Alikuwa na kioo cha kukuzia maandishi ya mapadri wa zamani, ambao waliandika majina yetu kwa jinsi walivyoyasikia, na hawakuwa na masikio mazuri. Sheria yake ilikuwa moja: ulichokiona kitabuni andika kwa wino, ulichokikisia andika kwa penseli. "Jina la Mukonzo ni namba," alikuwa akisema. "Namba haisemi uongo. Ni wewe utaisoma vibaya." Nilimwitikia ndiyo, ndiyo. Kuitikia ni rahisi.

Miaka ile ya mwanzo watu walikuja hasa kwa ajili ya shule na harusi. Kisha serikali ikaanza kuandikisha vitambulisho vya taifa, na fomu ikauliza ukoo wako, baba yako na kwenu ni wapi. Hapo ndipo Bwera yote ilipogundua kuwa haimjui babu yake. Foleni ilizunguka kanisa. Walikuja wavuvi kutoka Katunguru wakinuka samaki, walikuja wazee waliotaka kupunguza miaka na vijana waliotaka kuongeza. Mama mmoja aliniambia, "Karani, andika tu mwaka wowote, mimi sina ubaguzi." Nilichoka, lakini sijawahi kuifurahia kazi kama majira yale. Mtu aliingia na jina moja akatoka na majina matano, akiyataja njiani kwa sauti.

Nawakumbuka wazee wawili wa Muhokya waliokuja wamenuniana, kila mmoja akidai kwamba babu yake ndiye wa kwanza kuteremka kutoka milimani na kujenga bondeni, kwenye joto na simba. Walitaka niamue. Nilitafuta asubuhi nzima. Nikakuta mababu zao walibatizwa siku moja, mmoja baada ya mwingine, na msimamizi wao alikuwa mtu mmoja, maana yake walifika pamoja wakiwa marafiki. Niliwasomea. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Hata hivyo, wa kwangu aliandikwa mbele." Mwenzake akamwambia, "Kwa sababu wa kwangu alikuwa na adabu." Wakaondoka wakicheka, wakaenda kunywa chai.

Baada ya mambo kama hayo kichwa kilianza kunivimba, na hapo ndipo aliponifikia Mzee Kule wa Kyarumba.

Mzee Kule ni mkulima wa kahawa na mwenyekiti wa ukoo wao, watu wa Abaswagha. Ukoo ulikuwa unaandaa mkutano mkubwa wa kumkumbuka babu yao Masereka, ambaye kila mtu katika kilima kile anamtaja kama mtu wa kwanza kupanda kahawa pale. Walitaka kitabu cha ukoo, cha kusomwa siku hiyo. Nilipanda Kyarumba kwa boda hadi barabara ilipokataa, kisha kwa miguu, nikipishana na akina mama waliobeba magunia ya maharage kichwani wakinisalimia bila kuhema wakati mimi nashindwa kuitikia. Nikakaa na wazee wanne. Wakaniambia Masereka alikuwa mwana wa Mbusa, mwana pekee.

Nikajiona mjanja. Nikawauliza, "Kama ni mwana pekee, kwa nini anaitwa Masereka? Masereka ni wa tatu. Baluku yuko wapi? Bwambale yuko wapi?"

Wakanitazama kwa heshima mpya. Mmoja akakumbuka kumsikia baba yake akimtaja Baluku fulani aliyevuka Lhubiriha akaenda Kongo asirudi. Basi nikaandika: Mbusa akamzaa Baluku, akamzaa Bwambale, akamzaa Masereka. Niliandika kwa penseli kwanza, nawaapia. Lakini mkutano ulipokaribia niliona kitabu kinapendeza zaidi chote kikiwa cha wino, mkono mmoja, rangi moja. Nikanakili yote. Siku ya mkutano walinishangilia, nikapewa jogoo, na Mzee Kule akaupeleka ukurasa ule Kasese mjini akautia plastiki ngumu, nakala kumi.

Ulipita kama mwaka na nusu. Asubuhi moja ya siku ya soko akaingia ofisini mzee wa Kikongo aliyevaa koti la suti na kofia mkononi, akishikwa mkono na msichana mrefu. Walikuwa watu wa Butembo, wafanyabiashara wa vitenge katika soko la Mpondwe. Mzee aliitwa Papa Anselmi, na msichana, Furaha, alikuwa mjukuu wake.

"Mama karani," akasema, "miye nazeeka. Baba yangu Paluku aliniachia neno moja tu. Alisema, 'Ku mulima ya Kyarumba niliacha mudogo wangu, Kasereka, mutu wa kahawa.' Miye sipendi kufa bila kusalimia batu ya Kasereka."

 Nilifungua droo, nikatoa nakala yangu yenye plastiki, nikamsomea: Baluku, Bwambale, Masereka. Nikamwambia, "Papa, umefika. Baba yako ni mkubwa wa Masereka, tumbo moja, baba mmoja. Wewe ni mtu wa Kyarumba."

Yule mzee aliweka kofia usoni akalia kwa furaha, nami nikalia naye, bila aibu. Nilipomaliza kujifuta ndipo nilipomwona Furaha. Alikuwa ameivuta ile karatasi, akiisoma tena kwa kidole.

"Mama," akaniuliza polepole, "hiyo batu ya Masereka, ndio kwao na Yonasi?"

Yonasi nilimjua. Ni kijana wa Mzee Kule mwenyewe, mnunuzi wa kahawa, anayeteremka Bwera kila wiki. Kumbe kilichomteremsha si kahawa tu. Barua ya posa ilikuwa imeshafika kwa Papa Anselmi, na tarehe ya kupeleka mbuzi wa mahari ilikuwa inajadiliwa. Na kwetu Bakonzo, mtu haoi ndani ya ukoo wake. Hilo halina padri wala wakili. Hata ukipita mababu kumi, mwana wa Baluku na mwana wa Masereka waliozaliwa na baba mmoja ni ndugu, basi.

Juma lililofuata, habari ikiwa imeshapanda Kyarumba, Mzee Kule alikuja na kuiweka ile karatasi ya plastiki mezani kwangu.

"Nimerudisha barua nyumbani," akasema. "Yonasi hasemi na mimi. Anakula kwa mama yake mudogo."

"Lakini Papa Anselmi anasema wao ni Abahira," nikamwambia. "Ukoo mwingine kabisa."

"Mugeni anavaa ukoo ya mwenye alimupokea. Walifika Kongo, wakapokelewa na Bahira, wakakuwa Bahira. Karatasi inasema Baluku ni mutoto wa Mbusa." Akaigonga kwa kidole. "Nani aliandika hii?"

"Ni mimi."

"Basi."

Sijawahi kuichukia karatasi kama ile. Yonasi alikuja kesho yake, akasimama mlangoni, hakuingia. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Madamu, una uhakika?" Na mimi, ambaye nilikuwa nimetoa uhakika kwa foleni nzima iliyozunguka kanisa, niliifunika karatasi kwa kiganja. Maana nilijua nilichokiona na nilijua nilichokikisia, na vyote vilikuwa kwa wino mmoja.

Nikampigia simu Mzee Thembo, ambaye alikuwa anafuga kuku Kasese. Nilimweleza yote huku nikingoja matusi. Hakutukana. Aliuliza swali moja: "Hiyo hesabu ni ya tumbo la nani?"

Nikamwomba arudie swali.

"Biira, Masereka ni wa tatu kwa nani? Mwanaume hahesabu. Mwenye wake watatu ana akina Baluku watatu. Tumbo ndilo linahesabu. Mama ya Masereka aliitwa nani?"

Sikujua. Niliandika kitabu kizima cha ukoo, mimi mwanamke niliyezaa watoto wanne, na mahali pa mama niliandika "mke wa Mbusa". Nilikuwa nimeuliza wanaume wanne nikaridhika. Niliona haya hata kwa simu.

Nikapanda tena Kyarumba. Wazee wangu wanne hawakujua jina. "Alikuwa mke wa Mbusa," wakasema, wakishangaa kwamba kuna la zaidi. Nikawaacha na pombe yao ya ndizi, nikazunguka nyuma, jikoni. Pale alikuwa Mukaka Mbambu, bibi aliyeolewa katika boma lile akiwa msichana mdogo, sasa ni mkubwa kuliko wazee wote wa mbele. Alikuwa anatoa maharage kwenye maganda. Nikakaa chini nikamsaidia. Nikamuuliza.

"Ithungu," akajibu hapohapo, kama unamuuliza siku ya soko. "Aliitwa Ithungu. Mama mukwe wa mama mukwe wangu. Yeye ndiye alimufundisha kuanika kahawa, na huyo akanifundisha mimi."

"Na watoto wake?"

"Alikuja na mumoja mukononi. Alitoka ng'ambo, mume alikufa. Alikuwa na Baluku anatembea, na Bwambale mugongoni, lakini Bwambale hakufika, alimuzika pale karibu na mto. Na kichwani alikuwa na miche ya kahawa, ameifunga na majani ya ndizi. Mbusa akamuoa. Akamuzalia Masereka, basi, mumoja tu." Akatupa maganda pembeni. "Baluku akakuwa mukubwa, akaona shamba ni ya Masereka, akarudi kwa watu ya baba yake. Akapewa mbegu na mama yake."

"Kwa hiyo kahawa si Masereka aliyeileta."

Alinitazama kwa huruma. "Masereka alikuta kahawa inazaa. Yeye alipeleka tu kwa muzungu, muzungu akaandika jina yake."

"Mukaka, mbona hukusema haya siku ya mkutano?"

"Siku ya mukutano nilikuwa napika," akasema. "Na wewe ulikula, nilikuona. Ulikuja kuuliza?"

Ndugu zangu, nimekaripiwa na mapadri watatu na askofu mmoja, lakini hakuna aliyenipata kama yule bibi na maharage yake.

Lakini nilimjua Mzee Kule. Alikuwa ameiamini karatasi, na maneno ya jikoni hayangemtosha. Sasa nilikuwa na jina la kutafuta, na anayetafuta akiwa na jina si sawa na asiye nalo. Nilirudi ofisini nikashusha vitabu vya ndoa, si vya ubatizo. Siku ya tatu, kwa kioo cha Mzee Thembo, nikampata: Mbusa wa Kyarumba, mzee, amebatizwa uzeeni, akafunga ndoa ya kanisa na Ithungu aliyekuwa akiishi naye miaka yote. Na kwa sababu padri wa zamani ilimpasa kuhakikisha kwamba bibi harusi yuko huru, aliandika pembeni kwa herufi ndogo kama mchanga: mjane wa mtu wa Abahira, ng'ambo ya Lhubiriha, aliyemzalia wana wawili.

Nilipiga kelele mpaka mpishi wa padri akaja na mwiko.

Baraza lilikaa Kyarumba, ndani ya nyumba ya Mzee Kule. Papa Anselmi alibebwa na vijana kwenye kile kipande cha mwisho cha kupanda kwa miguu, akiwaomba radhi kwa uzito wa koti lake. Niliwasomea wino wa padri, kisha nikasema wazi kwamba wangu ulikuwa makisio, na kwamba kosa ni langu. Halafu nikaomba Mukaka Mbambu aitwe kutoka jikoni. Mzee mmoja akaguna. Mzee Kule akamtazama yule mzee, kisha akasema, "Aitwe."

Alisema yaleyale, bila kuongeza wala kupunguza, amesimama mlangoni na kanga ya jikoni. Alipofika pale pa Bwambale na mto, Papa Anselmi akasema kwa sauti ya chini, "Baba yangu alikuwa anasimama pale kila akifika mtoni. Hakutuambia sababu."

 Kisha Mzee Kule akaihukumu kesi. Damu ipo, akasema, lakini ni ya tumbo, na imepita vizazi vinne. Ukoo ni wa baba, na baba ni wawili. Huyu ni Muswagha, huyu ni Muhira. Barua iende tena. Ila karani aliyetaka kuvunja nyumba kwa wino atoe mbuzi.

"Mukubwa au mudogo?" nikauliza.

"Kulingana na ile wino," akajibu, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Nikatoa mbuzi wa kadiri. Kile kitabu cha ukoo nilikiandika upya, na pale ambapo bado sijui, mtaona penseli. Zile nakala nyingine za plastiki sijui zilikwenda wapi, ingawa moja niliiona kwa Mukaka Mbambu imefunika chungu.

Sherehe ya kumtoa bibi harusi ilifanyika hapa Bwera mchana wa jua kali, hema mbili zikitazamana, Kyarumba upande huu na Butembo upande ule. Kwa desturi msemaji wa upande wa kijana hutaja mababu, ili wenyeji wajue ni nani anayebisha hodi. Mzee Kule alisimama na kipaza sauti asichokihitaji. Akashuka vizuri, Yonasi mwana wa Kule, mwana wa fulani, mwana wa fulani, mwana wa Masereka. Hapo kila mtu wa Kyarumba alifungua kinywa kumalizia naye "mwana wa Mbusa", kama walivyozoea tangu utoto. Yeye akanyamaza. 

"Mwana wa Mbusa," akasema, "na wa Ithungu, mwanamke aliyekuja kwa miguu na kahawa kichwani."

Upande wa Butembo, Papa Anselmi hakungoja zamu yake. Aliinuka, Furaha akimshika kiwiko, akaanza kwa sauti yake nyembamba: "Furaha, mutoto ya Kambale, mutoto ya Anselmi, mutoto ya Paluku, mutoto ya Katungu." Jina lilelile, kwa koti la kwao.

 Upande wa akina mama, Mukaka Mbambu akainuka taratibu, bila kuombwa na mwanaume yeyote, akaitika kwa niaba ya aliyeitwa:

"Niko hapa."